Bunduki ya Kupeleka Nyumbani

Mume wangu Method hajawahi kununua kitu cha hapa. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu. Tangu tuingie Silver Spring, hapa Marekani, kila kitu anachokifikisha mlangoni kina safari mbele yake: hiki cha nyumbani, kile cha nyumbani. Na kwake nyumbani si hii fleti tunayoilipia kodi. Nyumbani ni Bukoba, kwenye kiwanja ambacho hata msingi haujachimbwa.

Sebuleni kwetu kuna jenereta. Nimeitandikia kitambaa cha kufuma, na wageni huweka vikombe vyao vya chai juu yake wakidhani ni meza. Kuna makochi mapya ambayo bado yamevaa nailoni, yamesimamishwa ukutani, na sisi tunakalia kochi tulilolikuta, lililoachwa na wapangaji waliotutangulia. Kuna blenda ya umeme wa Tanzania. Ukiichomeka hapa inazunguka kivivu kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha, kwa hiyo mimi, mke wa mwenye blenda, natwanga tangawizi kwenye kinu. Ukimuuliza Method tutarudi lini, anajibu, "Mwakani, Mungu akipenda." Mungu amependa mambo mengi tangu wakati ule, hilo bado.

Msinielewe vibaya, si mtu mbaya. Ni Mhaya mfupi, shingo nene, mikono mifupi kiasi kwamba kila shati la mikono mirefu lazima nilipunguze. Ni fundi wa mitambo ya joto na baridi katika jengo moja la ofisi kule Arlington. Watu wakiona baridi wanampigia yeye, wakiona joto wanampigia yeye, na wakiwa sawa hakuna anayekumbuka kwamba yupo. Zamani alikuwa mwimbaji. Tulipojuana alikuwa sauti ya nne kwenye kwaya ya parokia, na nikisema kweli, niliipenda sauti kabla sijamtazama mwenyewe. Kisha baba yake akafariki wakati makaratasi yetu ya ukaazi hayajatoka, akashindwa kwenda kumzika. Baada ya hapo akaacha kuimba. Hakulia mbele yangu, hakugombana na mtu, aliacha tu. Makaratasi yalipokuja kutoka, msiba ulikuwa umekwisha, na yeye akazidisha kununua vitu vya nyumbani.

Aliyemtoa humo ni Wendell. Huyu ni Mmarekani mweusi wa Temple Hills, wanafanya kazi pamoja, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Siku moja akamwambia Method twende Jumamosi ukaone ninavyojiburudisha, na Method, ambaye hajui kukataa, akaenda. Aliponieleza kwamba burudani yenyewe ni bunduki, nilipandisha hasira.

"Wewe Method! Mtu mweusi, mgeni, na bunduki mkononi, kwenye Amerika hii hii?"

"Ni mchezo, Mama Jackie. Wanapiga visahani."

"Visahani vimewakosea nini?"

Lakini ni mchezo kweli, nimeuona kwa macho yangu. Kuna mashine inarusha visahani vya udongo, ukubwa wa kisosi cha chai, vinaruka angani juu ya nyasi, nawe umesimama na bunduki ya marisau unajaribu kuvipasua kabla havijatua. Ili mashine irushe unapaza sauti: "Pull!" Basi Method siku ya kwanza, kwa adabu alizolelewa nazo, akasema, "Excuse me, pull, please." Wendell alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Bunduki waliyompa ilikuwa ya mke wa Wendell, kwa sababu kitako chake ni kifupi, na ndiyo pekee iliyomkaa begani. Method hakujali kwamba ni bunduki ya mama. Kisahani cha nne sijui cha tano kikapasuka kikawa vumbi, na Wendell anasema aligeuka akiwa na uso wa mtoto.

Mimi sikuuona uso huo. Nilichokiona ni Method kurudi jioni, kuingia bafuni, na kuimba. Nilikuwa jikoni na mwiko mkononi. Nilisimama palepale mpaka mchuzi ukashika chini. Tangu siku hiyo nikasema bunduki na iwe bunduki, mradi Jumamosi inirudishie mtu wangu.

Ilirudisha kwa miezi kadhaa. Halafu Wendell akatangaza kwamba anastaafu, na kiangazi kikiisha yeye na mkewe wanahamia kwao South Carolina, na bunduki zao zinakwenda nao. Kwa hiyo Method alitakiwa kuchagua bunduki yake mwenyewe, la sivyo Jumamosi zimekwisha. Kitu kimoja tu, achague. Nilidhani itachukua saa moja.

Wendell alitupeleka duka moja la bunduki nje ya mji. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kizungu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, mtu wa maneno machache. Alimtazama Method kutoka viatuni hadi kichwani kama fundi cherehani anavyokutazama, akaingia nyuma, akarudi na bunduki ya mitutu miwili, mmoja umelala juu ya mwenzake, mti wake wa kahawia unang'aa. Imetumika, akasema, lakini imetunzwa. Method akaiinua. Hata mimi nisiyejua kitu niliona imemkaa. Mzee akavaa miwani, akasogea, akasema kitako kimezidi kidogo tu, kama upana wa kidole, atakikata, na hapo itakuwa imetengenezwa kwa ajili ya mwili huu.

Mtu mwingine angesema asante. Wangu akaanza maswali.

"Inavumilia unyevu? Kwetu kuna mvua nyingi."

Mzee akasema kila bunduki ukiisafisha inavumilia.

"Inaweza kuua ngiri?"

Mzee akavua miwani. "Nilidhani unataka kupiga sahani."

"Sahani, ndiyo," akasema Method. "Na ngiri."

Wendell akageuka kutazama kofia zilizotundikwa ukutani, mabega yanamtikisika. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Method akawa ameshaona bunduki nyingine ukutani, nyeusi, ndefu, ya mtutu mmoja, ile unayoikoki kwa kuvuta mkono mbele na nyuma. Akauliza na hiyo je. Mzee akamjibu kwamba hiyo ni bunduki ngumu, haiui tu ngiri, inaua chochote, ila ni ndefu kwake na kwa visahani kuna zilizo bora. Method akasikia lile la kwanza tu. Akasema atafikiria.

Kufikiria kwake ni kupiga simu. Jumapili baada ya misa alikwangua kadi ya simu, akampigia kaka yake Laurean kupitia simu ya parokia kule kwao. Laurean ndiye aliyebaki na shamba la migomba na kahawa. Ni mrefu huyo, sijui walizaliwaje tumbo moja, na ana sauti ambayo haihitaji simu kufika Marekani.

"Nunua hiyo ndefu!" nilimsikia kutoka jikoni. "Ngedere wanatumaliza huku! Ngiri wanachimba mihogo yote! Hiyo ya mitutu miwili ni ya Wazungu wa kupiga picha!"

"Na kibali, kaka?"

"Kibali niachie mimi. Wewe njoo nayo tu."

Njoo nayo! Kama vile ni mwavuli. Kesho yake akaja Gwakisa, Mtanzania mwenzetu wa Temple Hills, ambaye kazi yake ni kukusanya mizigo ya watu na kuisafirisha nyumbani kwa kontena. Nilimwandalia chai nikimtegemea aseme neno la akili. Akaweka kikombe juu ya jenereta, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Bunduki sipakii, Method. Magodoro napakia, friji napakia, hata jeneza nimeshapakia. Bunduki, hapana, mzee, tutaozea ndani wote. Kama unataka ya kucheza nunua ya kucheza, kama unataka ya Bukoba nenda kaombe kibali Bukoba. Kupanga ni kuchagua."

"Umesikia?" nikamwambia Method.

"Nimesikia," akasema. Jumamosi iliyofuata akanunua ile ndefu.

Sikusema neno njia nzima, na wanaonijua wanajua hiyo ni hatari. Wendell aliendesha, redio chini. Method amekaa mbele na boksi lake refu katikati ya miguu, anatazama dirishani kwa utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu. Huyo ndiye mume niliyepewa: akiwekewa mbele kitu cha raha yake na kitu cha wajibu, mkono unakwenda wenyewe kwenye wajibu, kisha anakuja kunikalia nyumbani amenuna.

Kilichofuata hakikuhitaji mganga kukibashiri. Kitako cha ile bunduki kilikuwa kirefu, kikawa kinanasa kwapani kila akiinua. Mpaka akinasue, kisahani kimeshatua kwenye nyasi kizima, kinamcheka. Akilazimisha, kitako kinakaa kwenye mkono badala ya begani, na bunduki inampiga teke. Alirudi na alama ya zambarau mkononi na shavu limevimba upande mmoja. Kazini wakamuuliza kama kuna mtu kampiga. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Wendell akamwambia chukua tena ya mke wangu, bado tupo, akakataa, eti mtu mwenye yake haazimi. Kisha zikaanza sababu. Leo mvua. Leo kichwa. Leo gari la Wendell lina shida, kumbe gari zima. Jumamosi anakaa kwenye kochi la wapangaji waliotutangulia, anatazama televisheni ambayo sauti ameifunga. Bafuni kimya.

Nilivumilia, halafu nikachoka kuvumilia. Nikazima televisheni, nikasimama mbele yake.

"Method, ile bunduki ni ya nani?"

"Yetu."

"Nauliza ni ya bega la nani?"

Akanyoosha mkono kuchukua rimoti.

"Ni ya bega la Laurean. Laurean yuko wapi?"

"Mama Jackie, punguza sauti."

"Sipunguzi! Basi mwite Laurean aje apige sahani, na wewe nenda ukafukuze ngedere! Unaishi wapi wewe? Kazi unafanya hapa, mtoto anasoma hapa, mguu unaumia kwa baridi ya hapa, halafu hata kucheza, kucheza tu, mtu mzima unachezea ya kule!"

Binti yetu Jacqueline, ambaye Kiswahili anakisikia chote na hakijibu hata kimoja, akatoa kichwa chumbani kwake. "She's right, Dad. You don't even like it."

Method alijitazama mikono, ile mikono yake mifupi, na aliposema hakuwa ananisemesha mimi.

"Ile nyingine ni ya kuchezea tu. Haina kazi yoyote nyumbani. Baba yangu nimeshindwa hata kumtupia udongo, halafu mimi ninunue kitu cha kuchezea?"

Kumbe hapo ndipo lilipokuwa. Hasira zilinishuka nusu, lakini nusu iliyobaki ilitosha. Nikamwambia ndiyo, ununue. Nikamwambia marehemu mkwe wangu alikuwa anapenda bao kuliko chakula, na hakuna aliyewahi kumuuliza bao lina kazi gani. Nikamwambia Jumamosi tunakwenda kuibadilisha, na kama hataki nitakwenda peke yangu na bunduki begani kwenye treni, na yatakayonikuta ni juu yake. Hilo lilimtisha, maana ananijua.

Tulikwenda. Wendell alikuwa anafunga mizigo yake ya kuhama, lakini alipoacha kila kitu kuja kutuchukua nilijua naye alikuwa amechoshwa kama mimi. Ile ya mitutu miwili ilikuwa bado ipo. Mzee wa duka hakuuliza kitu, aliipokea ndefu, akapiga simu yake ya kumhakiki mnunuzi kama sheria inavyomtaka, wakaelewana. Kisha akamwambia Method akunje kiwiko, akapima kutoka kwenye mkunjo wa kiwiko hadi kidole cha kufyatulia. Akambadilisha koti, maana unene wa nguo nao huhesabiwa, akapima tena. Akaichukua bunduki hadi kwenye meza yake ya kazi nyuma, sisi tukamfuata, akachora mstari kwa penseli kwenye kitako.

"Nikikata hapa," akasema, "siwezi kurudisha. Uelewe hilo. Itakuwa yako wewe. Mtu mrefu hataweza kuitumia."

Method akautazama ule mstari. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mikono kiunoni, najiambia moyoni, haya sasa, aulize tena ya ngiri nione.

Hakuuliza ya ngiri. Aliweka kiganja juu ya ule mti, kama unavyomshika ng'ombe unayemuuza. Akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "Hii hairudi, Honorata." Ni nadra aniite jina langu. Kisha akamgeukia mzee. "Cut it."

Mimi nikamshika mkono mzee wa watu. Mimi! "Subiri," nikasema, kwa Kiswahili, kana kwamba anajua. Wote watatu wakanitazama. Wendell akauliza kuna nini.

Maana ndiyo kwanza nilikuwa nimeelewa. Miaka yote ile nilikuwa namcheka na makochi yake ya nailoni, namfokea, nawasimulia wenzangu kazini wacheke, na mimi nikalala usingizi mzuri kwa sababu kulikuwa na mtu ndani ya nyumba aliyekuwa na uhakika kwamba tunarudi. Kazi ya kurudi nilimwachia yeye, yangu ikawa kulalamika. Sasa alikuwa anaiweka chini, pale, mbele ya mzee wa Kizungu na Wendell, na mimi sikuwa tayari kuiokota. Mama yangu yuko Kashozi, kulekule Bukoba. Kaburi la mkwe wangu sijaliona. Nilitaka bunduki inayomtosha mume wangu, sikuwa nimeomba hili.

"Si ndiyo ulivyotaka?" Method akaniuliza. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anauliza kweli.

Nikauachia mkono wa mzee. Mashine yake ya kukatia ilipiga kelele muda mfupi sana, mfupi kuliko nilivyotarajia, na chumba kikanuka mti.

Jumamosi ya mwisho kabla Wendell hajahama, Method alipasua visahani mpaka watu wa pembeni wakaacha zao wakaja kutazama. Alirudi anaimba tangu kwenye ngazi. Mngedhani nilifurahi tu. Nilifurahi, na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja, na mchuzi siku hiyo niliutia chumvi mara mbili.

Jumapili akakwangua kadi yake ya simu. Akazungusha namba zote, akasubiri, nikasikia wanamwita Laurean kutoka uani kwa padri. Alipotokea tu na ile sauti yake, Method akaniwekea simu mkononi.

"Mwambie wewe," akasema, akaenda kusimama dirishani. Teke la bunduki haliogopi, lakini kaka yake anamwogopa. Nilimtazama kwa jicho ambalo angeliona angekimbia, lakini alikuwa amenipa mgongo.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba, shemeji! Vipi, bunduki inakuja lini? Ngedere wameingia mpaka jikoni!"

"Shemeji, ile ndefu tumeibadilisha. Method amechukua ile nyingine."

"Ile ya mitutu miwili? Haya, si mbaya. Bunduki ni bunduki. Njooni nayo."

"Imekatwa kitako, shemeji. Imekatwa kwa kipimo cha mkono wa mdogo wako. Wewe huwezi kuitumia."

Simu za kadi zina mwangwi, nilijisikia mwenyewe nikirudi: huwezi kuitumia. Nyuma yake huko jogoo aliwika, na mtu akapita anacheka. Nilidhani atafoka. Laurean ni mtu wa kufoka, na ningejua la kumjibu, kufoka tunajuana.

"Kwa hiyo hamji," akasema. Ilikuwa sauti ndogo, sikujua kwamba anayo.

Nikamtazama Method dirishani. Hakugeuka, lakini mabega yake yalikuwa yanasikiliza.

"Hatuji, shemeji," nikasema.